Pemba inaongeza damu ao inaipunguza? Jibu kwa Mama Ruth wa Katuba

Swali: "Docta, jambo. Niko na mimba ya miezi mitano, ni ya tatu. Tangu mwezi wa pili ninakula pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, vipande vitatu ao vine kwa siku, bila hiyo usingizi haukuji. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) walipima damu wakakuta hemoglobini 9.4. Muuguzi akanigombeza mbele ya wanawake wote, akasema pemba ndiyo inakunywa damu yangu. Mama mkwe wangu anasema ni uongo: yeye alizaa watoto wanane na pemba, na pemba iko na kalsiamu na chuma. Sasa kuna dada mmoja anauza pemba ya unga ndani ya sashe, wameandika 'kaolini safi, madini 72 ya asili'. Anasema hiyo imesafishwa, haina shida. Nani anasema kweli? Sayansi inasema nini? Mama Ruth, Katuba, Lubumbashi."

Mama Ruth, jambo sana.

Nianze na kule kugombezwa, kwa sababu najua ndiyo kulikouma zaidi. Mimba yangu ya kwanza ilinikuta nimekwisha kumaliza masomo ya famasi. Nilikuwa najua kaolini ni kitu gani, ningeweza kuandika fomula yake ubaoni. Bado kila Ijumaa nilipita soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nikanunua pemba ya franka chache na kuificha chini ya mkoba, imefungwa katika kitambaa ili mume wangu asisikie ikigongana na funguo. Ile harufu ya vumbi la mwezi wa kumi linapopigwa na mvua ya kwanza, mwanamke asiyeijua kwa ulimi hawezi kuelewa. Kwa hiyo sitakugombeza. Hamu hiyo si utoto wala ushamba, ni dalili, na dalili inapimwa, haipigiwi kelele.

Sasa jibu lenyewe. Muuguzi wako yuko karibu na ukweli kuliko wote watatu, ingawa alisema vibaya. Mama mkwe ana haki kidogo, lakini si upande wa kalsiamu wala chuma. Mwenye sashe hana haki yoyote.

Pemba nyeupe, kwa sehemu kubwa, ni kaolini: alumini, silika na maji yaliyofungwa ndani ya tabaka zake nyembamba. Kalsiamu karibu hamna. Nadhani watu wameichanganya na chokaa, kwa kuwa vyote ni vyeupe na vyote vinapaka ukuta. Chuma nacho ni kidogo, na huo weupe ndio ushahidi. Udongo wenye chuma kingi unajionyesha: ni mwekundu, kama barabara zetu zote zisizo na lami, kama kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yako. (Jina lenyewe limesafiri mbali. Kule Suriname, Amerika ya Kusini, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pande zetu bado wanauita udongo huu mweupe pemba.)

Utaniuliza: basi nikila udongo wa kichuguu, ule mwekundu, je? Chuma cha udongo mwekundu ni kutu. Mwili wa mtu unajua kuchukua chuma cha nyama na cha samaki bila taabu, cha majani na maharagwe kwa taabu kidogo, lakini cha kutu kinapita tumboni kikatoka karibu kama kilivyoingia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na Sera Young ambaye amefuatilia jambo hili miaka mingi, walichukua udongo wa aina mbalimbali ambao watu wanaula, wakaumeng'enya katika chupa kama vile tumbo linavyofanya, kisha wakaupitisha juu ya chembe hai za utumbo. Chuma kilichoingia katika chembe hizo kilikuwa haba sana. Na aina nyingine za udongo zilizuia hata chuma cha chakula kilichowekwa pamoja nazo.

Hapo ndipo muuguzi wako alipokuwa na haki. Pemba hainywi damu. Inachofanya ni kukalia chakula. Mwaka 1968 watafiti waliwapa watu chuma pamoja na udongo uliokuwa ukiliwa huko Uturuki, wakapima kiasi kilichofyonzwa: kilishuka wazi. Udongo una uso mpana mno kwa sababu ya zile tabaka zake, na vitu vinaukamata kama unga unavyokamata mikono yenye maji. Kinachoushika udongo kinatoka nao chooni.

Kuna kisa cha Iran ambacho kila mwanafunzi wa lishe anafundishwa. Karibu na mji wa Shiraz, daktari Ananda Prasad aliletewa kijana wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10: hana ndevu, hajakua, damu imekwisha. Chakula chake kilikuwa mkate usiochachuliwa, nyama hakuwa anaijua, na kila siku alikula karibu nusu kilo ya udongo. Prasad alipoandika habari hiyo mwaka 1961, na kufuatilia wengine kama yeye, ndipo dunia ikaanza kuelewa kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki. Udongo haukuwa peke yake katika kosa hilo, mkate ule nao ulishiriki. Lakini uone jambo: mtu anakula nusu kilo ya "madini" kila siku, na mwili wake unakufa njaa ya madini.

Sasa nikupe hesabu za wanawake wajawazito, maana wewe si chupa wala kijana wa Shiraz. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwauliza wajawazito 275. Asilimia 56 walikuwa wanakula udongo mara kwa mara, na waliokuwa wakiula walikuwa na upungufu wa damu zaidi ya wenzao. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar (ndiyo, kisiwa kinaitwa hivyo hivyo, tumecheka sote), uchunguzi wa wajawazito zaidi ya 2,000 uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta uhusiano uleule kati ya damu haba na kula vitu visivyo chakula. Mwaka 2015 zilikusanywa tafiti 83 za nchi mbalimbali zikahesabiwa pamoja: wenye hamu ya namna hii walikuwa na uwezekano wa kupungukiwa damu zaidi ya mara 2 kuliko wasio nayo, na zinki yao pia ilikuwa chini.

Lakini uhusiano si sababu. Je, pemba ndiyo iliyopunguza damu, au damu iliyopungua ndiyo iliyoleta hamu ya pemba? Ili kujua kwa uhakika ingebidi kuchukua wajawazito mia, kuwalisha nusu yao pemba kwa miezi na kuwanyima nusu nyingine, na hakuna kamati ya maadili itakayokubali hilo. Tunachokiona hospitalini ni kwamba wagonjwa wengi wakipewa chuma cha kutosha, hamu inakufa yenyewe, na mara nyingine inakufa kabla damu haijapanda vizuri. Kwangu mimi inaonyesha kwamba njia ni ya pande mbili: chuma kinapungua, hamu inakuja, pemba inaingia, chuma kinapungua tena.

Mama mkwe wako naye nisimnyime chake. Kuna sababu watu wameila pemba vizazi na vizazi. Kaolini inapaka utando wa tumbo, na kichefuchefu cha miezi ya kwanza, pamoja na yale mate yanayojaa kinywani, wanawake wengi wanasema kinatulia. Sina jaribio la kisayansi la kukuonyesha juu ya kichefuchefu, lakini sina pia sababu ya kuwaita waongo. Mwaka 2011 Young na wenzake walipitia maandishi zaidi ya 480 ya watu wanaokula udongo duniani kote, na maelezo waliyoyaona yana nguvu zaidi hayakuwa lishe. Yalikuwa kinga: udongo unakamata sumu na vijidudu kabla havijagusa utumbo. Anayeula zaidi ni mjamzito wa miezi ya kwanza na mtoto, yaani wale ambao sumu inawadhuru haraka, na unaliwa zaidi kwenye nchi za joto ambako vijidudu ni vingi.

Famasi nayo ilichukua akili hiyo hiyo. Smecta unayompa mtoto akiharisha ni udongo, wa aina nyingine inayoitwa smektaiti. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 yalikuta kwamba inaweza kufupisha kuhara kwa watoto karibu siku moja, ingawa tafiti zenyewe hazikuwa imara. Ghana walijaribu udongo uliosafishwa na kupimwa, kwa miezi 3, kwa watu wanaokula mahindi na karanga zenye aflatoksini, ile sumu ya ukungu. Alama za sumu hiyo mwilini zilipungua. Mtu wa Lubumbashi anayekula bukari (ugali) kila siku asidharau habari hiyo. Ila udongo wa Ghana ulikuwa umechaguliwa, ukapimwa, ukawekwa katika vidonge kwa gramu zinazojulikana. Na haukuwa kaolini.

Ukitaka kujua kwa nini sayansi inaipenda Smecta na bado inakukataza wewe, angalia Ufaransa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya huko ilisema dawa za udongo zisitolewe tena kwa watoto chini ya miaka 2, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Sababu ni neno moja: risasi. Sisemi ya bunduki, nasema madini yenyewe. Udongo wowote unaochimbwa unaweza kubeba risasi kidogo kwa asili yake. Hiyo ni dawa ya kiwandani, inayopimwa. Pemba ya sokoni ukimwuliza muuzaji imechimbwa wapi, atakuonyesha kwa kidevu: "kule".

Katika uchunguzi wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 2013, waliotafuta risasi iliyo katika damu za watu inatoka wapi waliutaja udongo wa kuokwa unaoliwa na wajawazito kwa ajili ya tumbo, pamoja na rangi za nyumba na betri za magari zinazovunjwa majumbani. Uingereza na Uholanzi pia zimewaonya wajawazito juu ya udongo unaouzwa katika maduka ya Waafrika, kwa sababu hiyo hiyo. Na sisi hapa tuna deni letu la nyongeza. Shaba ndiyo iliyoufanya mji huu. Tanuri la shaba lilianza kufuka mwaka 1911, na mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walipopima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na matanuri ya Katanga, walikuta kobalti katika viwango vya juu miongoni mwa vyote vilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida. Risasi na metali nyingine zilikuwamo pia. Sisi hatuanzi na kikombe kitupu, Mama Ruth.

Na sasa lile ambalo ningetaka ulishike kuliko yote. Katika utumbo kuna mlango ambao chuma kinapitia kuingia mwilini. Risasi inapita mlango huohuo. Mwili ukiona chuma kimepungua unaongeza milango na kuiacha wazi, ukingoja chuma kije. Sasa mwanamke mwenye damu 9.4, ambaye milango yake yote iko wazi, ndiye huyo huyo mwenye hamu kali ya udongo. Anachokileta mlangoni si chuma. Kisha risasi inavuka kondo la nyuma, inamfikia mtoto, na haina kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiita salama. Mtoto hazaliwi kilema kwa risasi kidogo. Anazaliwa mzima, analia, ananyonya, na anapofika darasani anachoka haraka na kusahau haraka, wala hakuna atakayeikumbuka pemba. Ndiyo maana watoto wanane wazima wa mama mkwe wako hawawezi kuwa jibu. Wala simaanishi kwamba wana kasoro yoyote, namaanisha kwamba kitu hiki hakionekani kwa macho.

Minyoo: pemba iliyochimbwa chini na kukauka vizuri juani mara nyingi haina mayai ya minyoo, ya juu juu ya ardhi inaweza kuwa nayo. Kuichoma motoni kunaua mayai. Risasi haiungui. Choo kigumu unakijua tayari, sina haja ya kukueleza. Wanaokula nyingi sana wamewahi kupungukiwa potasiamu hadi miguu ikakosa nguvu, lakini vipande vitatu havikufikishi huko.

Tuje kwenye sashe. "Madini 72." Chukua udongo wa uwanja wa mpira wa Kamalondo, upeleke kwenye mashine nzuri, utapewa orodha ndefu vilevile. Mashine inahesabu majina, haichagui marafiki: kati ya hayo 72 ni lazima wamehesabu alumini, arseniki na hiyo risasi, la sivyo wasingefika huko. Kuhusu kusafishwa: ukiosha udongo unatoa mchanga na majani. Risasi inapenda kushika zile chembe ndogo kabisa, ambazo ndizo zinazobaki baada ya kuosha, tena ndizo zinazofanya unga uwe laini ulimini. Mwambie huyo dada akuonyeshe karatasi ya maabara yenye namba ya fungu hilo hilo analokuuzia na kiasi cha risasi kwa kilo. Kama anayo, nitumie picha, nitaisoma kwa furaha. Akikuonyesha video ya WhatsApp, mrudishie sashe yake.

Sasa wewe mwenyewe. 9.4 ni upungufu wa damu, kwa mjamzito tunataka 11 au karibu, lakini si hatari ya leo usiku. Ukianza kuhema ukiwa umekaa, moyo ukikimbia, viganja vikawa vyeupe, hapo usingoje tarehe ya CPN. Kidonge cha chuma na asidi foliki wanachokupa kina takriban miligramu 60 za chuma. Kwa mjamzito aliyekwisha kupungukiwa damu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 120 kwa siku hadi damu irudi, kwa hiyo waulize CPN kama wakuongezee, usijiongezee mwenyewe. Waulize pia kama umepimwa malaria, kama umepewa dawa ya minyoo, na kama katika familia yenu kuna selimundu, kwa sababu damu haba ya mji huu haina mzazi mmoja.

Meza kidonge na maji, mbali na chai. Chai ya asubuhi inakamata chuma karibu kama pemba, na hapo hakuna anayegombezwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Ndakala (wale samaki wadogo) kwenye sombe ya majani ya mihogo, maharagwe, lengalenga iliyokamuliwa ndimu, nyama siku pesa ipo: ndimu na nyama vinasaidia chuma cha majani kuingia.

Ama pemba, ningependa uiache leo. Najua pia kwamba mimi sikuiacha kwa siku moja. Kama leo haiwezekani, basi kesho kipande kimoja kipungue, na wiki ijayo kingine, na kisiliwe kamwe saa ile ya kidonge au ya chakula kikubwa: weka masaa kadhaa katikati. Mimi nilikuwa natafuna karanga kavu za kukaanga na tangawizi kidogo kila hamu ilipokuja. Karanga hazikufanana na pemba hata kidogo, ila zilinipitisha dakika kumi, na hamu ikipita dakika kumi inalegea. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa vidonge nilifungua mkoba nikakuta kipande cha zamani, nikakinusa, nikaona ni udongo tu.

Kwa mama mkwe usipeleke maneno yangu ya chembe na milango, mtagombana bure. Mwulize tu kama kati ya mimba zake nane kulikuwa na moja ambayo hamu ya pemba haikuja, na mwaka huo walikuwa wanakula nini. Nimeuliza wazee wengi swali hilo, na majibu yao yananifundisha.

Rudi CPN baada ya wiki nne wapime tena. Ukipata namba mpya niandikie, hata kama pemba bado iko kwenye mkoba.